Kisukari na mbio ndefu: mnauliza, najibu

Safari hii maswali mengi yamehusu jambo moja: sukari inayokwenda kombo mtu anapojifua kwa mbio, baiskeli au kuogelea masafa marefu, huku kazi nayo ikimsubiri. Nami naishi na kisukari cha aina ya 1, na nakimbia. Namba zote za sukari ya damu hapa ni za kipimo cha mmol/L. Kama mashine yako inasoma mg/dL, zidisha kwa 18. Dozi panga na daktari wako. Hapa utapata hoja za kumpelekea.

Nina aina ya 1 na najiandaa kwa nusu marathoni. Naanza nikiwa na 8, lakini nikifika kilomita ya sita au ya saba nimeshuka hadi 3.5. Nakula saa moja kabla na kujidunga kama kawaida. Shida iko wapi?

Iko kwenye hilo "kama kawaida". Insulini ya haraka uliyojidunga wakati wa kula hufika kileleni kati ya saa moja na mbili baadaye, yaani wakati uleule uko barabarani. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila insulini. Ukiwa na insulini nyingi juu yake, uvutaji unaongezeka, na ini nalo linazuiwa kutoa akiba yake. Kwa asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini mara anapoanza kukimbia. Sisi tukishajidunga, imeingia; haitoki. Kwa hiyo kabla ya kufunga kamba za viatu usijiulize tu sukari yako ni ngapi. Jiulize pia ni insulini kiasi gani bado inafanya kazi mwilini.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kusogeza mlo mkubwa uwe saa tatu au nne kabla ya mbio, ili insulini yake iwe imepungua sana unapoanza. Ya pili, kama ratiba haikuruhusu, ni kupunguza dozi ya mlo unaoliwa ndani ya dakika 90 kabla ya zoezi. Miongozo ya kitaalamu hutaja punguzo la kati ya asilimia 25 na 75, kutegemea muda na kasi ya zoezi. Ni pana mno, najua, na ndiyo maana daftari lako lina thamani kuliko jedwali la mtu mwingine. Andika muda wa mlo, dozi, sukari ya kuanzia na ya kumalizia. Baada ya wiki chache utaona mwili wako unavyokwenda. Usijidunge pajani kabla ya kukimbia, maana mguu unaofanya kazi huharakisha insulini kuingia kwenye damu.

Kuanza na 7 hadi 10 ni pazuri kwa walio wengi. Chini ya 5, kula kwanza gramu 10 hadi 20 za wanga na uhakikishe inapanda. Lakini 8 iliyotulia si sawa na 8 inayoporomoka. Mwenye sensa, yaani kifaa kinachobandikwa kwenye ngozi na kupima sukari muda wote, atazame mshale unaoonyesha kama inapanda au inashuka. Asiye nayo apime mara mbili, nusu saa kabla na tena anapoondoka. Mbio zikizidi saa moja, panga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kidogo kidogo tangu mapema, bila kungoja dalili.

Ukishuka chini ya 3.9, simama. Usitembee "taratibu ufike". Kula gramu 15 za sukari ya haraka, ngoja dakika 15, pima tena. Peremende za dharura zitoe kwenye karatasi zake ukiwa bado nyumbani, uziweke kwenye mfuko unaofunguka kwa mkono mmoja. Vidole vikitetemeka na kuloa jasho, kile kikaratasi kidogo huwa hakifunguki.

Siku za mazoezi ya kasi sukari yangu hupanda hadi 13 badala ya kushuka. Nijidunge?

Usikimbilie sindano. Ukikimbia kwa nguvu zote, mwili humwaga adrenalini, na ini hutoa sukari kwa wingi kuliko misuli inavyoweza kuitumia. Mara nyingi hali hii hupita yenyewe ndani ya saa moja au mbili. Ukijidunga dozi kamili ya kushusha, utakutana nayo wakati misuli nayo imeanza kuvuta, na hapo utaanguka vibaya. Anza kwa kupoza mwili kwa mwendo mwepesi, kisha pima tena. Kama bado iko juu na huwa haishuki, zungumza na daktari kuhusu dozi ndogo, mara nyingi nusu ya ile ya kawaida.

Ukiwa na zaidi ya 15 kabla hata hujaanza, bila sababu unayoijua, pima ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Zikifika 1.5, siku hiyo hakuna zoezi. Shughulikia ketoni kwanza, na ukianza kutapika nenda hospitali bila kusubiri.

Sensa inasema 6, damu ya kidole inasema 4.2. Niamini ipi?

Wakati wa zoezi, kidole. Sensa husoma majimaji yaliyo kati ya seli, ambayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na sukari ikishuka kwa kasi pengo hukua. Ila kidole kiwe safi: ukiwa umetoka kushika kinywaji cha sukari, futa tone la kwanza na upime la pili, la sivyo utasoma utamu wa ngozi.

Nikiendesha baiskeli masafa marefu jioni, naamka saa nane usiku nimelowa jasho.

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote mliyoniuliza. Zoezi likiisha, misuli huendelea kuvuta sukari ili ijaze akiba iliyotumika, na mwili hubaki mwepesi kuitikia insulini kwa saa 24 au hata zaidi. Ongea na kliniki yako kuhusu kupunguza insulini ya usiku kwa takribani asilimia 20 siku kama hizo, na kula kitu chenye wanga kabla ya kulala bila kujidunga kwa ajili yake. Weka kengele ya kuamka kupima. Pombe jioni hiyo iache, kwa sababu huzuia ini kutengeneza sukari. Ukiweza, hamishia safari ndefu asubuhi, ili saa za hatari zikukute macho.

Sukari ikishuka usiku, siku inayofuata dalili za onyo huja hafifu. Na kama ilishuka hadi ukahitaji kusaidiwa na mtu mwingine, pumzika saa 24 kamili, hata mashindano yakiwa jirani.

Nina aina ya 2, natumia vidonge tu. Haya yananihusu?

Inategemea vidonge. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide na gliclazide zinaweza, kwa hiyo tembea na sukari mfukoni. Kama unatumia empagliflozin au dapagliflozin, muulize daktari kabla ya mashindano marefu: hukojolesha, na zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikiwa si ya kutisha.

Nafanya kazi ya zamu ya kubeba mizigo, kisha nakimbia. Kazini hakuna anayejua hali yangu.

Kwanza, kubeba mizigo ni zoezi. Unafanya mawili kwa siku, na dozi zako zipangwe hivyo. Pili, nakuomba sana umwambie walau mtu mmoja katika kila zamu. Si lazima umpe historia yote. Mwambie: ukiniona natoka jasho, najibu ovyo au nakasirika bila sababu, nipe kinywaji chenye sukari. Nikishindwa kumeza, usinitie kitu mdomoni. Nilaze ubavu na upige simu ya dharura. Kama una glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, muonyeshe ilipo na inavyotumika.

Nimesikia insulini imepigwa marufuku michezoni. Kweli?

Kweli, imo kwenye orodha ya Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, wakati wa mashindano na nje yake. Lakini mwenye kisukari huomba kibali cha matibabu. Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya 2 mwaka 1997, akawa anajidunga insulini, na mwaka 2000 kule Sydney akachukua dhahabu yake ya tano ya Olimpiki. Kama unashindana chini ya shirikisho, waulize sasa utaratibu wao, upeleke barua ya daktari na vipimo vyako mapema, na nakala ya kibali iwe kwenye mkoba wako wa mashindano.