Ni Lacey, si Roosevelt
Wapo wanaosema sheria ya 1900 ya kulinda ndege Marekani ni ya Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais. Hapana, si yake. Ni ya John F. Lacey, mbunge wa Iowa, na inabeba jina lake hadi leo. Aliyeitia saini ni Rais McKinley, Mei 25, Roosevelt akiwa bado gavana wa New York. Nadhani watu huchanganya kwa sababu ya Pelican Island, kisiwa cha Florida ambacho Roosevelt alikitenga kuwa hifadhi ya ndege 1903.

Ila tusiikuze sheria ya Lacey: haikukataza kuua ndege. Ilibana usafirishaji. Ukimuua yangeyange kwenye jimbo linalokataza, kisha ukapakia manyoya yake kwenye treni kwenda jimbo jingine kwa washona kofia, hapo ndipo serikali kuu ilikukamata.