Mixa iache kwanza

Ndugu, umeuliza ununue nini kwanza ili uanzishe redio ya mtandaoni chumbani kwa bajeti ndogo. Mixa, kifaa cha kuchanganya sauti, iache. Kompyuta uliyo nayo inatosha, na BUTT, programu ya kurushia matangazo, ni ya bure. Pesa ipeleke kwenye maiki ya dainamiki, aina inayonasa hasa sauti ya karibu, yenye USB. Aina nyingine, ya kondensa, hunasa kila kitu: feni, mlango, hata jogoo wa jirani (yalinikuta). Hiyo ya dainamiki iweke upana wa kiganja kutoka mdomoni, kiubavu kidogo, ili “p” zisipasuke. Ukutani nyuma yako tundika blanketi zito. Hedifoni ziwe za waya. Za bluutuu huchelewesha sauti, utajisikia kama uko pangoni. Intaneti isikutishe: kurusha kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa.