Swali la Lugha: Mzungu wa nne mwenye pointi 10

Msomaji mmoja anabuni seti yake ya karata pamoja na mchezo mpya wa mtindo wa kasino: kila mchezaji anapambana na mgawaji, si na wenzake, na karata zote za picha zina pointi 10. Karata ya picha wacheza karata huiita mzungu, naye anauliza kama kwenye kanuni aandike mzungu wa pili, wa tatu na wa nne, au malkia (Q), ghulamu (J) na mfalme (K). Pia anaomba tumkagulie sentensi hii: "Mchezaji akipata jozi, atalipwa mara mbili ya dau."

Tuanze na wazungu. Majina haya ni ya wacheza karata wenyewe na natamani yasipotee, lakini namba zake hazikuwekwa kwa urembo. Zinatokana na hesabu ya wahedi wa sitini, mchezo ambao malkia ana pointi 2, ghulamu 3, mfalme 4, saba 10 na ree (karata ya A) 11. Ukijumlisha, kila aina (kopa, uru, shupaza au pau) ina 30 na seti nzima 120, ndiyo maana anayefikisha 61 ameshinda. Sasa mwambie aliyezoea mchezo huo kwamba mzungu wa nne ana pointi 10! Jina litamvuta huku, kanuni kule, na dau lake liko mezani. Kwa mchezo wako andika malkia, ghulamu na mfalme, kisha neno mzungu libaki kwa karata yoyote ya picha: "Kila mzungu ana pointi 10."

Ila angalia pembe za karata. Mfalme na malkia wote huanza na M, na mchezaji akishika karata zake huzitandaza kidogo tu, aone pembe basi. Katika mchezo unaolipa karata zinazofanana, hapo ugomvi hauko mbali. Chapa MF na ML, kisha G na R kwa ghulamu na ree.

Kopa, uru, shupaza na pau hazina mbadala wa kuzishinda; sioni sababu ya kuandika "moyo" au "almasi". Tena zinakupa uhuru wa kuchora. Zimetoka kwenye Kireno, na huko asili yake ni vikombe, dhahabu, panga na marungu. Ukichora kikombe badala ya moyo, jina kopa litakaa palepale bila taabu. Kundi lenyewe liite aina, usiliite rangi, maana rangi utaihitaji kwa nyekundu na nyeusi.

Sentensi yako ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Kwanza, jozi ni karata mbili zinazofanana, lakini jozi ya karata ni seti nzima pia. Andika "karata mbili zinazofanana", useme zinafanana kwa namba au kwa aina.

Kisha hilo "atalipwa mara mbili ya dau". Aliyeweka 10 anaweza kuelewa kwamba anapewa 20 juu ya 10 zake, aondoke na 30. Mwenzake ataelewa kwamba anapokea 20 tu, 10 zake zikiwa zimo humo. Wote wamesoma Kiswahili sawasawa. Kulipwa hakusemi kama dau limo au halimo. Kwenye michezo hii tofauti ndogo ya malipo ndiyo faida ya mwenye meza. Katika blackjack, mchezo wa kasino wa kukaribia pointi 21 bila kuzipita, anayepata ree na karata ya pointi 10 hulipwa 3 kwa 2 kwenye baadhi ya meza na 6 kwa 5 kwenye nyingine, yaani dau la 10 huzaa faida ya 15 au ya 12. Kanuni isiyotaja faida kando na dau haifai kuchapwa.

Ningeandika hivi: "Mchezaji mwenye karata mbili zinazofanana kwa namba hurudishiwa dau lake na kuongezewa mara mbili ya dau hilo." Nimetumia hu- kwa sababu kanuni hueleza jambo la kila mara. Na sare usiiache hewani: "Mchezaji na mgawaji wakilingana, dau hurudishwa bila nyongeza."

Mwisho, mgawaji hugawa karata, hazigawanyi. Kugawanya ni kuitenga seti katika mafungu, na mchezaji mgeni anaweza kufanya hivyo hasa.