Kavera ya matoke na mtoto aliye tumboni

SWALI: Mama Mkunga, nina mimba ya miezi mitano na nauza nguo sokoni Arua. Mchana naletewa matoke na maharage ya moto ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki. Wifi yangu anasema plastiki itamfanya mtoto awe mzito wa akili. Ni kweli, au ananitisha tu?

JIBU: Wifi yako ametia chumvi, mwanangu, ila hajazua. Baadhi ya plastiki laini hulainishwa kwa kemikali ziitwazo fthaleti. Hazikushikana sawasawa na plastiki yenyewe, hivyo joto na mafuta huzitoa zikaingia kwenye chakula. Kondo la nyuma halizizuii. Huweza kuvuruga homoni, zikiwemo za tezi ya shingoni ambazo ubongo wa mtoto huzihitaji tangu mwanzo wa mimba. Watafiti wa Marekani na Ulaya, wakipima mkojo wa wajawazito, wameona uhusiano na watoto kushindwa kutulia na kuwa makini. Si tafiti zote zinazokubaliana, na hakuna anayeweza kukutabiria mwanao.

Nunua bakuli la chuma lenye mfuniko, umpe anayekuletea chakula. Muulize mpishi pia matoke anafunika na nini: majani ya mgomba au kavera? (Siku hizi wengi wamekuwa wavivu wa majani.) Fthaleti nyingi hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo hujachelewa. Na chandarua unalalia? Malaria ndiyo inayonitia hofu zaidi.