Maswali na Majibu: Je, Nizing'arishe Nishani za Vita Nilizonunua?

SWALI: Nimenunua nishani tatu alizotunukiwa askari mmoja wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaani Nyota ya 1914–15, Nishani ya Vita ya Uingereza na Nishani ya Ushindi, pamoja na picha iliyochapwa ya mapigano ya angani yenye saini za marubani wawili. Nishani ya fedha imekuwa nyeusi, na zile mbili za shaba zimeanza kuota ukijani. Muuzaji alinipa cheti cha uhalisi, akanishauri nizing'arishe ili zipande bei, kisha akanielekeza kwa fundi anayezirejesha ziwe kama mpya na kuzibadilishia tepe. Je, nimpelekee?

JIBU: Usimpelekee. Ningependa kulijibu swali hili kwa upole zaidi, lakini hunifikia karibu kila wiki, na mara nyingi hunifikia fundi akiwa amekwisha kuifanya kazi yake, wakati ambapo sina tena msaada wowote wa kutoa.

Kosa linaloniudhi kuliko yote katika fani hii ni kuuona weusi wa fedha kuwa ni uchafu. Weusi huo ni fedha yenyewe, iliyoungana na salfa iliyomo hewani, na anayeusugua anaondoa tabaka la nishani wala si vumbi lililotua juu yake. Dawa za kung'arisha, dawa ya meno na magadi hutenda jambo lilelile kwa kasi tofauti: hula kwanza sehemu zilizoinuka, na kingo za herufi zilizopigwa chapa. Sasa ichukue Nishani yako ya Vita ya Uingereza uigeuze ubavu. Kwenye ukingo wake utaona namba, cheo, jina na kikosi cha askari aliyetunukiwa. Nishani hizo za fedha zilitolewa takriban milioni 6.5, zote zikiwa na uso uleule wa mfalme upande mmoja na mpanda farasi yuleyule upande wa pili. Kinachoitofautisha yako na mamilioni yale mengine ni mstari mmoja wa herufi ndogo, nao ndio unaoanza kufutika.

Niliwahi kuletewa mezani seti kama yako na mtu aliyeirithi katika ukoo wake, ambaye kwa heshima ya marehemu alikuwa akiisugua kila mwaka kwa miaka mingi. Fedha yake ilimeremeta, na ukingo ulikuwa laini kama kishikizo cha shati. Nililaza taa ubavuni ili mwanga upite juu ya ukingo kwa mshazari, nikatazama kwa lenzi kwa muda mrefu, na nilichopata ni tarakimu mbili za mwisho na mkia wa herufi moja. Tuliokolewa na Nyota, ambayo maandishi yake huwekwa mgongoni na hivyo hayakuguswa sana. Laiti Nyota hiyo isingekuwapo, askari yule angebaki bila jina mikononi mwa watu waliompenda.

Kupotea huko si jambo dogo. Majalada ya utumishi ya askari wengi wa Uingereza waliopigana vita hivyo yaliteketea Septemba 1940, ghala lilipopigwa mabomu jijini London. Kwa wengi wao kilichosalia ni kadi ya faharasa ya nishani, yaani kadi iliyoorodhesha nishani alizostahili askari, ambayo nakala yake imo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, na nishani zenyewe. Furaha kubwa ya ukusanyaji, ile inayomfanya mtu akeshe, ni kuilinganisha namba iliyo ukingoni na iliyo kwenye kadi, kuona zinalingana, kisha kufuatilia kikosi kilikuwa wapi na mwezi gani. Anayeuza mng'aro anakuuzia kitu ambacho duka lolote la mapambo linacho, na kwa malipo anachukua namba hiyo na jina hilo.

Kuhusu cheti cha uhalisi nitasema kwa ufupi: karatasi iliyotiwa saini na mtu anayenufaika na mauzo haithibitishi lolote zaidi ya kwamba muuzaji ana mashine ya kuchapisha. Pima kipenyo cha nishani ya fedha kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana na unene wa vitu vidogo. Inapaswa kuwa milimita 36, na ikipungua, yumkini ukingo ulipigwa tupa ili jina la zamani lifutwe na jingine liandikwe. Tazama pia kama herufi za nishani ya fedha na za Nishani ya Ushindi zimepigwa chapa, kila moja kwa kina kinacholingana, kama inavyotarajiwa, au zimechongwa kwa mkono. Utepe nao uumulike kwa taa ya urujuanimno gizani. Ving'arishi vinavyotiwa katika nguo na sabuni za kisasa vilienea baada ya Vita vya Pili, kwa hiyo utepe unaong'aa kwa mwanga wa samawati ama ni mpya ama umefuliwa karibuni. Ukigundua kuwa tepe zako hazing'ai, utaelewa kwa nini sitaki fundi azikate na kuzitupa.

Ukijani wa shaba unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ukiwa mgumu, wa rangi iliyokolea na haubanduki, uache. Ukiwa ungaunga, umepauka na unarudi kila unapoupangusa, huo ni ugonjwa wa shaba unaotokana na chumvi za kloridi, nao unamhitaji mhifadhi aliyesomea kazi hiyo, si fundi wa sokoni. Kabla ya hapo, chunguza mahali unapozitunza. Mifuko laini ya PVC, aina ya plastiki, hutoa asidi inayoila shaba, ilhali sufu na mpira hutoa salfa inayoitia fedha weusi, kwa hiyo kasha la bei ghali lililotandikwa kitambaa cha sufu huenda ndilo chanzo cha tatizo unalotaka kulilipia mara ya pili. Nunua karatasi isiyo na asidi, vifuko vya poliesta na vijaluba vya jeli ya silika vya kunyonya unyevu. Hiyo ndiyo gharama halali ya ukusanyaji, pamoja na bima, na kwa kawaida ni ndogo kuliko ada ya fundi.

Picha yako usiitundike mkabala na dirisha. Madhara ya mwanga hujumlishwa siku hadi siku wala hayarudi nyuma, na ndiyo maana makumbusho huonyesha kazi za karatasi katika mwanga hafifu wa kiasi cha luksi 50 tu (luksi ni kizio cha mwangaza). Saini za penseli huhimili, lakini za kalamu za wino wa rangi zinaweza kufifia hadi zisisomeke. Mtengeneza fremu asiibandike kwa gundi juu ya ubao, wala asikate pambizo ili iingie katika fremu aliyo nayo.

Nasisitiza haya kwa sababu uzembe uleule wa "kurejesha upya" hauishii kwenye nishani. Nimeona helmeti zilizopakwa rangi mpya juu ya alama za kikosi, barua za vitani zilizofunikwa kwa plastiki ya moto, na panga zilizopitishwa kwenye jiwe la umeme. Hasara hizo ni za historia na za mfuko. Zipo nyingine za mwili. Dira, saa na vipima vya ndege vya zamani vyenye namba zilizong'aa gizani aghalabu zilipakwa rangi yenye radiamu, metali ya mionzi, ambayo hubaki na mionzi hata baada ya mng'aro wake kufa, kwani nusu-maisha ya radiamu-226, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni takriban miaka 1,600. Fundi anayezifungua na kuikwangua rangi hiyo ili apake nyingine anaivuta vumbi yake pamoja na wote waliomo chumbani. Vichujio vya baadhi ya barakoa za gesi za enzi ya Vita vya Pili vina asbesto, kwa hiyo barakoa hizo hazivaliwi hata kwa picha. Na kombora la mzinga au bomu la mkono ambalo huna uthibitisho kwamba limetolewa baruti halisuguliwi, halitobolewi wala halisafirishwi kwenda kwa yeyote. Huachwa lilipo, watu wakaondolewa, polisi wakaitwa.