Falsafa Yangu ya Elimu Ilizaliwa Kwenye Makosa 12

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana ambaye husoma ninayoandika hapa. Nauweka kama ulivyokuja: "Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Kwa sasa sina darasa, nafundisha shule ya Jumapili tu. Jumatatu nina usaili kwenye shule ya Kikristo. Wanataka ukurasa mmoja wa falsafa yangu ya elimu. Naomba unitumie ya kwako, nitabadilisha jina tu."

Atabadilisha jina tu! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka nilivyoipata ya kwangu ya kwanza. Nilinakili kwenye faili la mwalimu aliyenitangulia chuoni. Nilibadilisha jina, nikasahau kufuta maneno "katika uzoefu wangu wa miaka 14". Nilikuwa na umri wa miaka 24. Niliajiriwa. Hakuna aliyeusoma ule ukurasa, na hilo nalo ni somo, ingawa si la leo.

Ulikuwa ukurasa mzuri, nisiudharau. Ulianza na Mwanzo 1, kwamba mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Ukapita kwenye Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo", ukamalizia na kumjenga mtoto kiroho, kiakili na kimwili. Yote nilikuwa nayaamini. Ungeniamsha usiku wa manane ningeyataja bila kukosea.

Sasa nikusimulie kilichoupata huo ukurasa nilipoingia darasani. Miaka miwili ya kwanza nairuka. Nilikuwa najifunza kushika chaki.

Mwaka wa tatu nilifundisha hisabati darasa la watoto wa miaka 11 na 12. Nilikuwa na mtindo wangu wa kurudisha madaftari: nayapanga kwa alama, wa kwanza juu, wa mwisho chini, kisha naita jina na alama kwa sauti. Nilidhani nawatia bidii. Na kusema kweli, wale watano wa juu walipata bidii.

Siku hiyo tulikuwa tunasahihisha zoezi la kujumlisha sehemu. Maswali 12. Daftari la chini kabisa lilikuwa la mtoto ambaye nitamwita Kijana wa Dirishani, kwa sababu ndipo alipopenda kukaa. Swali la kwanza lilikuwa nusu kujumlisha theluthi, yaani 1/2 + 1/3. Yeye aliandika 2/5. La pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo, mpaka la 12: alijumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, yaani namba za chini. Nikamwekea kosa mara 12 kwa kalamu nyekundu, ile ya 12 nikaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: HUSIKILIZI.

Nilipofika kwenye jina lake nikasema, "Sifuri juu ya 12. Huyu hata Roho Mtakatifu akishuka, sehemu hatazielewa."

Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka.

Ni vema nitaje pia kwamba asubuhi ya siku ileile zamu ya ibada ilikuwa yangu, na nilihubiri juu ya neema. Dakika kumi na tano, bila karatasi. Wenzangu walinipongeza.

Siku tatu baadaye nilikuwa nakagua madaftari kama yamefunikwa vizuri. Daftari la Kijana wa Dirishani likafunguka ukurasa wa nyuma kabisa, pale watoto wanapochora wanapochoka na sisi. Alikuwa amechora magoli mawili na viduara vya mipira. Chini ya goli la kwanza ameandika "Jmosi 1/2". Chini ya la pili, "Jpili 1/3". Halafu mstari, na chini yake: "Jumla 2/5".

Nikamwita. "Hii ni nini?"

Alitazama viatu vyake. "Penati, mwalimu."

"Penati gani?"

"Jumamosi nilipiga mbili, nikafunga moja. Jumapili nilipiga tatu, nikafunga moja. Zote tano. Nimefunga mbili."

Msomaji, hebu rudia hesabu hiyo polepole. Moja kati ya mbili, moja kati ya tatu, jumla mbili kati ya tano. Ni sahihi kabisa. Hakuna mwalimu wa hisabati duniani awezaye kuiwekea kosa. Mtoto alikuwa anajibu swali jingine, swali la haki, na alikuwa analijibu barabara. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba swali langu na lake ni mamoja. Nami sikuwa nimewahi kumwonyesha kwamba ukichukua nusu ya karatasi ukaiunganisha na theluthi ya karatasi iliyo sawa na hiyo, huwezi kupata mbili ya tano, kwa kuwa mbili ya tano ni ndogo hata kuliko ile nusu uliyoanza nayo. Nilikuwa nimewaandikia kanuni ubaoni: tafuta kigawe kidogo cha shirika, endelea. Kanuni bila karatasi.

Nilidhani nimeona makosa 12. Lilikuwa wazo moja, limefuatwa kwa uaminifu mara 12. Asiyesikiliza nilikuwa mimi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua Biblia si kwa utakatifu, kwa kukosa usingizi tu, nikaangukia Mwanzo 3, mahali nilipokuwa nimehubiri mara nyingi. Safari hii niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Adamu amekosa, na anayemtafuta anajua kila kitu. Angeweza kuanza na hukumu. Anaanza na swali: "Uko wapi?" Halafu la pili, nani aliyekuambia ya kuwa u uchi. Halafu la tatu, kama amekula matunda ya ule mti. Anamgeukia mwanamke, naye anaulizwa amefanya nini. Maswali manne yanatangulia hukumu. Asiyeulizwa hata swali moja ni nyoka. Huyo anahukumiwa moja kwa moja.

Nikafunga kitabu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nawafundisha watoto walioumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwenye kusahihisha nilikuwa nawafanyia kama nyoka.

Basi, ndugu yangu wa usaili, hiyo ndiyo falsafa yangu yote. Mtoto akikosa, aulizwe amefikaje hapo kabla ya kuhukumiwa. Mengine yote ninayoamini juu ya elimu yananing'inia kwenye msumari huo mmoja.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa. Kama nilimdhalilisha hadharani, kumwomba radhi ofisini mlango umefungwa kungekuwa woga. Nilichora penati zake ubaoni, nikaeleza zilikuwa sahihi wapi na hazifai wapi, tukakata karatasi. Nilitegemea machozi, labda na kukumbatiana, kama kwenye shuhuda. Alisema, "Sawa, mwalimu." Akakaa. Mpaka mwisho wa mwaka alikuwa akifunika daftari lake kwa mkono kila nilipopita karibu. Nilisamehewa, naamini hivyo, lakini mkono ule haukuondoka.

Na alama yake? Ilibaki sifuri. Hapa ndipo watu hunielewa vibaya. Kuna walimu Wakristo wanaodhani upendo ni kuongeza alama, na kuna wanaodhani haki ni kumvua mtoto nguo mbele ya wenzake. Nusu na theluthi ni tano ya sita, hata ukifunga na kuomba. Ukimwambia mtoto amepata wakati amekosa, umemdanganya, na uongo hauwi mtakatifu kwa kuwa umetoka kinywani mwa mwalimu wa ibada. Neema nilijifunza kuiweka katika namna ninavyomtazama wakati namwonyesha sifuri yake.

Nilibadilisha mtindo. Madaftari nikayarudisha bila mpangilio, kimyakimya. Kalamu nyekundu nikaiacha, nikatumia penseli, maana penseli inafutika nikigundua mkosaji ni mimi. Kila zoezi nilichagua makosa mawili matatu na kumwita mwenye nalo: "Nieleze ulivyofikiri." Wengine walikuwa wamebahatisha tu, wakasema hivyo. Wengine walikuwa na mantiki zao ambazo mpaka leo nazistaajabia.

Je, nilipata tuzo? Sikupata. Inachukua muda kumsikiliza mtoto. Muhula ule sikumaliza muhtasari wa somo, na wastani wa darasa langu ulishuka. Nafasi ya ukuu wa idara ilipofunguka, alipewa mwenzangu ambaye bado alikuwa anasoma alama kwa sauti. Niliitwa nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba nawadekeza watoto na kwamba "upendo hausomi matokeo". Sentensi hiyo bado ninayo kichwani na ukumbi wake, na saa ya ukutani iliyokuwa nyuma ya aliyeisema. Nimeshasamehe. Ila nikiambiwa niandike orodha ya watu niliowasamehe, huyo namwandika wa kwanza, jambo ambalo mke wangu anasema ni dalili mbaya.

Miaka iliyofuata nilianza kusoma walionitangulia, ili nijue kama nimepotea. Sikuwa peke yangu. Jan Amos Comenius, askofu wa kanisa la Ndugu wa Moravia aliyezaliwa 1592, alisema shule za zama zake ni machinjio ya akili. Alitaka wote wafundishwe, tajiri na maskini, wavulana na wasichana, na waanze na vitu wanavyoviona kabla ya kanuni. Mwaka 1658 alichapisha kitabu cha watoto chenye picha. Na huyu si mtu aliyekuwa amekaa kwa raha: vita vilimfukuza kwao, tauni ikamchukulia mke na watoto, na mwaka 1656 miswada yake ikateketea kwa moto. Miaka miwili baadaye akachapisha picha za watoto! Mimi nilinuna kwa sababu ya ukuu wa idara.

Aliyenitikisa zaidi ni Augustino, mwalimu wa kanisa la kale kutoka Afrika Kaskazini. Karibu mwaka 389 aliandika mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodato, kijana wa miaka kama 16, juu ya swali la nani hasa anafundisha. Hoja yake ni kwamba maneno ya mwalimu hayamwagi maarifa kichwani mwa mtu. Yanamwamsha tu atazame, na Mwalimu anayemwonyesha ukweli yuko ndani, naye ni Kristo. Baadaye Augustino alisisitiza kwamba mawazo yaliyowekwa kinywani mwa kijana yalikuwa ya kijana mwenyewe. Baba mwenye akili vile, na bado alimwacha mwana azungumze. Kijana huyo alikufa angali mdogo.

Sasa niruhusu nihubiri kidogo, nimezoea. Tunaringa kwamba sisi ni walimu Wakristo kwa sababu tunaanza kipindi kwa sala. Sala ni njema. Lakini mtoto anaijua imani yako kwa unavyoshika daftari lake lenye sifuri. Yakobo alionya, "Ndugu zangu, msiwe waalimu wengi, mkijua ya kuwa mtapata hukumu kubwa zaidi." Andiko hilo sijaliona kwenye falsafa ya elimu ya mwombaji kazi yeyote. Tunapenda Mithali inayomhusu mtoto, tunaruka Yakobo inayotuhusu sisi. Na wale wa fimbo, ambao najua mtaniandikia: fimbo ya Zaburi 23 inafariji, "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Siku mwanafunzi wako atakaposema hivyo juu ya yako, tutazungumza.

Tena angalia Yesu mwenyewe akiwa na miaka 12. Wazazi walimkuta hekaluni katikati ya walimu, "akiwasikiliza na kuwauliza maswali". Huwa najiuliza angekaa darasani kwangu mwaka ule wa tatu, na maswali yake yote, ningemwandikia nini chini ya zoezi. Naogopa jibu nalijua.

Turudi kwenye usaili wako, mdogo wangu. Ya kwangu sikutumii. Andika ukurasa wako, na usianze na mtoto aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, maana waombaji wote watakaoingia siku hiyo wataanza hapo. Anza na mtoto mmoja aliyewahi kukosa mbele yako, na ulichomfanya. Kama ulimfanya vibaya, andika vibaya. Wakiuliza utasimamiaje nidhamu, waambie utauliza kwanza. Wakiuliza utainuaje ufaulu, waambie utauliza kwanza, na uwe tayari wakunje uso. Huenda wasikuajiri. Silaumiwi, nimeshakueleza yaliyonipata.

Ulisema huna darasa kwa sasa ila unafundisha shule ya Jumapili. Vizuri, usaili ni Jumatatu. Keshokutwa utawauliza watoto swali, na mmoja atajibu kitu cha ajabu, wenzake watacheka. Wanyamazishe, muulize amefikaje hapo. Kisha usiku niandikie alichosema.