Utepe unanuka siki, nianzie wapi?

SWALI: Nina utepe wa sumaku wa milimita 35 wenye nyimbo za filamu ya zamani. Unanuka siki na umejikunja. Niusafishe sauti kwanza?

JIBU: Hapana, nakili haraka. Asetati, yaani plastiki ya utepe huo, inaoza, na oksidi ya chuma iliyobeba sauti huchochea uozo huo. Utepe ukisinyaa, matundu ya pembeni hayaoani tena na meno ya mashine. Ukilazimisha, utachanika au sauti itayumba. Tafuta mashine isiyo na meno. Rekodi kidijitali kwa ubora wa juu (biti 24, kilohezi 96), na nakala hiyo ghafi usiiguse. Usafishaji ufanyie nakala nyingine, taratibu: kichujio kikali cha kuondoa kelele hula pumzi za mwimbaji. Utepe wenyewe utenge na tepe nyingine, penye baridi na pakavu.